Kilima cha kwanza kinakumaliza? Matatizo ya kutopasha mwili kabla ya safari ya baiskeli, na namna ya kuyatatua

Malalamiko huanza kuingia kwenye simu Jumamosi mchana, watu wakishaoga na kula. "Goti limenishika tena." "Leo mmeniacha Ruaka kama gunia." "Kifua kilikuwa kinapiga mluzi, si kawaida." Kwa miaka ambayo nimekuwa nikiendesha na kikundi chetu cha wikendi nimezoea kujibu kwa swali moja: dakika kumi na tano za kwanza ulizipitisha vipi? Mtu hunyamaza kidogo, kisha anasema, "Si nilikuwa nimechelewa?"

Shida ni kwamba Nairobi haikupi tambarare ya kuanzia. Mji wenyewe uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kutoka hapo barabara ama inapanda ama inateremka. Anayetoka Parklands kwenda Limuru anakutana na vilima kabla jasho halijatoka, na Limuru iko juu ya mita 2,200. Anayetoka Syokimau akishika Southern Bypass hadi Kikuyu anapanda polepole njia nzima, kupanda kusikoonekana kwa macho ila mapaja yanakujua. Wa Ngong akielekea Magadi, kazi yake kubwa ya kwanza ni mteremko. Kwa hiyo kupasha mwili hakuna fomula moja ya mji mzima. Angalia barabara yako inaanzaje, halafu tafuta dalili yako hapa chini.

Kwanza kipimo cha kawaida, ili tuelewane. Kupasha mwili ni dakika 15 za kuendesha ukianza kwa gia nyepesi kabisa, pumzi ikiwa tulivu kiasi cha kumsimulia mwenzako mechi ya jana bila kukata sentensi. Kuanzia dakika ya kumi unaongeza kidogo kidogo. Mwishoni unatia kasi mara tatu, sekunde 20 au 30 hivi kila moja, ukipumzika dakika nzima katikati. Basi. Ukiwa unaenda safari ya polepole ya saa tatu, hata hizo kasi za mwisho ziache. Safari yenyewe itakupasha mradi nusu saa ya kwanza usishindane na mtu.

"Mapaja yanawaka kilima cha kwanza, baadaye niko sawa"

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na sehemu muhimu ni hiyo ya mwisho. Kama baada ya dakika 20 au 30 miguu inafunguka na unaanza kuwapita watu, tatizo ni kuanza kwako. Kama haifunguki safari nzima, usinisikilize mimi. Tazama usingizi, chakula, homa uliyotoka nayo juzi, au baiskeli.

Na kabla ya kuulaumu mwili, inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Linafaa kuzunguka kimya na kuchelewa kusimama. Kuna msimu niliamka nusu saa mapema kila Jumamosi, nikaruka kamba kwenye veranda hadi jirani wa chini akalalamika, na bado nilikuwa naachwa. Siku moja fundi wangu wa mtaani aliinua baiskeli, akazungusha gurudumu, likasimama baada ya mizunguko miwili. Breki ya nyuma ilikuwa inagusa rimu. Aliirekebisha kwa spana moja huku akitafuna muwa. Bonyeza na tairi pia. Tairi laini ni mlima unaoubeba mwenyewe.

Baiskeli ikiwa safi, sababu ya kwanza ni kasi ya kuanzia. Misuli inahitaji hewa ya oksijeni, na moyo na mapafu huchukua dakika mbili tatu kufikia mahitaji ya kazi mpya. Ukiparamia kilima mwili ukiwa baridi, katika pengo hilo misuli inajitengenezea nguvu bila oksijeni ya kutosha, na ndiyo maana inawaka. Huku kwetu pengo linauma zaidi: hewa ya Nairobi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Mgeni aliyepanda kutoka Pwani jana usiku anafaa aanze polepole mara mbili yako, na usimcheke.

Dawa yake ni kuhamisha mwanzo. Wa Parklands anaweza kuzunguka barabara za ndani dakika kumi kabla ya kuingia Limuru Road, badala ya kutoka getini moja kwa moja na kuganda nyuma ya gurudumu la mtu mwenye nguvu. Kama bado ni giza na hupendi kuzunguka mitaani saa kumi na moja alfajiri peke yako (una haki), pashia nyumbani: panda na kushuka ngazi za ploti dakika tano, zungusha nyonga, piga hatua ndefu za kupiga goti, chuchumaa na kusimama mara kumi na tano. Anayekaa ghorofa ya nne na kubebea baiskeli begani keshaanza, ingawa kushuka nayo si sawa na kupanda nayo.

Sababu ya pili ni gia. Wengi huamka, wanapanda baiskeli, na kuondoka na gia waliyoiacha jana kwenye mteremko wa mwisho. Hesabu goti moja linavyopanda kwa sekunde 15. Likipanda mara 21 hadi 24, uko pazuri, ni mizunguko 85 hadi 95 kwa dakika. Likipanda mara 14, unasukuma mkokoteni.

Ya tatu haitajwi sana, lakini kwenye vikundi ndiyo kero: ulipasha vizuri, kisha ukapoa. Mnakutana kwenye kituo cha mafuta saa kumi na mbili, mmoja amechelewa, mnasimama dakika ishirini mkipiga soga na fulana mbichi ya jasho kifuani. Joto ulilolitengeneza linaondoka. Vaeni makoti, au zungukeni hapo hapo. Anayechelewa atawakuta njiani.

"Thika Road naruka, kurudi nimekufa"

Kwenda Thika ni kuteremka kidogo kidogo kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo kila mtu anajiona bingwa hadi Ruiru. Mwili haujapata moto lakini mwendo ni mkali, na unaridhika na namba za kwenye saa. Dakika 20 za kwanza angalia pumzi, hizo namba zifunike. Hapa hakuna jingine la kurekebisha.

"Nikifika chini ya mteremko miguu imekuwa mbao"

Kona Baridi, kwenye njia ya Magadi, ilipewa jina na watu waliojua wanachosema. Unatoka Kiserian, unapanda kidogo hadi pale pa kutazamia Bonde la Ufa, unatoa jasho, kisha unaachia baiskeli. Kuanzia hapo upepo unakupiga huku miguu haifanyi kazi yoyote. Njia ya Mai Mahiu ni hivyo hivyo, ijapokuwa jina lake kwa Kikuyu ni maji moto. Julai, asubuhi ya ukungu Nairobi inaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12, na kwa mwili uliolowa jasho, kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, hiyo ni baridi ya kweli.

Nakumbuka asubuhi moja pale chini kidogo ya Kona Baridi. Kulikuwa na ng'ombe kama thelathini wanavuka lami, nikavuta breki, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikusikia. Si kwamba breki ilikataa. Vidole ndivyo havikufunga. Nilisimama hatua chache kutoka kwa ndama aliyekuwa akinitazama kama mtu wa ajabu. Tangu hapo sishuki pale bila kufanya mambo haya.

Kaguzi nyepesi: simama juu, kabla ya kuachia, na ukunje ngumi mara kumi. Ukiona vidole vinachelewa, vitie kwapani dakika mbili. Vaa koti jepesi hapo hapo juu, usingoje uanze kutetemeka. Ukilisahau nyumbani, gazeti la jana chini ya jezi, kifuani, linazuia upepo vizuri kuliko majigambo. Wazee wa mbio za baiskeli kote duniani wamelitumia.

Wakati wa kushuka, endelea kuzungusha pedali kwa gia nzito bila kusukuma, pale ambapo barabara ni salama. Hupati kasi ya maana lakini unaweka damu kwenye magoti. Ukifika chini, hesabu kwamba umeanza upya: dakika tano hadi kumi za gia nyepesi kabla ya kujibu mwendo wa yeyote. Wengi wa wale wanaoniambia goti liliwashika "katikati ya safari", nikiwauliza wapi hasa, ni kilomita mbili baada ya mteremko.

Simama na utafute msaada kama mwenzako anatetemeka bila kuweza kujizuia, anaongea kama mlevi, au anashindwa kufungua zipu yake mwenyewe. Mtoe nguo mbichi, mvike kavu, mpe chai ya moto yenye sukari akiwa na fahamu zake, na safari yake iishie hapo. Gari linamrudisha. Kule chini kuelekea Magadi, karibu mita 600 juu ya bahari, joto litamkuta baadaye, lakini usimwache ajisukume kulifuata.

"Goti linauma mbele, dakika za mwanzo"

Simu nyingine nyingi za Jumamosi ni hizi. Angalia kwanza gia, kwa kile kipimo cha sekunde 15. Kusukuma gia nzito na goti baridi ndiyo sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na hutibika wiki hiyo hiyo.

Pili, funika goti. Kaptura na asubuhi ya Julai ya Tigoni havipatani. Soksi za goti zipo, na kama huna, leging'i ya mitumba ya Gikomba ukiikata vizuri inafanya kazi.

Tatu ni kiti. Kaa kwenye baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unafaa unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisigino kikifika huku goti bado limekunjika sana, kiti kiko chini, na maumivu ya mbele ya goti yanatokana na hapo. Ukilazimika kunyoosha nyonga ili kukifikia, kiti kiko juu, na hapo kwa kawaida maumivu huwa nyuma ya goti. Pandisha au teremsha milimita chache tu kwa mara moja, uendeshe siku mbili, ndipo upime tena. Watu wanapandisha sentimita mbili siku moja halafu wanashangaa kupata ugonjwa mwingine.

Ya mwisho ni vile vibao vya kunasa pedali chini ya viatu. Vikikaa pinda, goti linasokotwa kila mzunguko. Kama maumivu yalianza wiki uliyonunua viatu vipya, usitafute mbali.

Acha kuendesha na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia goti likivimba, likikwama lisikunjike wala kunyooka, likikulegea unapotembea, au likiendelea kuuma usiku ukiwa kitandani. Kulipasha zaidi hakutasaidia. Usinywe dawa ya maumivu ili umalize safari. Maumivu ndiyo taa ya onyo, na wewe unaizima.

"Kifua kinabana, napiga mluzi"

Hapa nakuwa mkali kidogo, kwa sababu watu huchanganya mambo mawili.

Kutweta kwa nguvu kunakotulia ndani ya dakika chache ukipunguza mwendo ni kuanza kwa kasi. Rudi kwenye dalili ya kwanza.

Kubana kifua, kikohozi kikavu, na mlio kama filimbi wakati wa kutoa pumzi ni njia za hewa kusinyaa. Hewa baridi na kavu huleta hali hii, na moshi wa dizeli na vumbi la Waiyaki Way vinaongezea. Mara nyingi hujitokeza dakika chache baada ya kazi kali, hata ukiwa umesimama. Kaguzi: je, inakutokea asubuhi za baridi tu? Je, ndani ya nyumba ulishawahi kukohoa usiku? Ulikuwa na pumu utotoni ukaambiwa imekwisha?

Kupasha mwili taratibu, pamoja na zile kasi fupi za mwishoni, huwapa baadhi ya watu wenye hali hii ahueni ya saa moja au mbili. Skafu nyepesi juu ya mdomo na pua husaidia hewa kuingia na unyevu. Lakini hayo ni ya kuongezea kwenye matibabu. Kama mluzi umekutokea mara mbili, nenda hospitali upimwe, na kama daktari alikwisha kukupa dawa ya kuvuta, ibebe kwenye mfuko wa jezi, siyo kwenye begi lililo kwenye gari la mwenzako. Dawa ya kuazima kwa rafiki siyo suluhisho.

Kuna dalili ambazo hazihusiani na kupasha mwili hata kidogo, na hazisubiri kilima kiishe: maumivu ya kifua yanayobana au kuelekea mkononi, shingoni au tayani, kuzimia au kukaribia kuzimia ukiwa kwenye kazi, moyo kupiga bila mpangilio, midomo kugeuka rangi, kushindwa kumaliza sentensi hata baada ya kusimama. Shuka, kaa chini, piga 999 au 112, au msimamishe mwenye gari akupeleke hospitali iliyo karibu. Usiendeshe kurudi nyumbani. Na kama una zaidi ya miaka 40, una presha au kisukari, au kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana, pimwa kabla ya kuanza safari ngumu.

"Kigimbi kimevutika, na nilijinyoosha vizuri"

Labda ndiyo sababu. Shuleni tulifundishwa kugusa vidole vya miguu na kuhesabu hadi thelathini, na wengi tunafanya hivyo hadi leo tukiwa tumetoka kitandani. Kuvuta misuli baridi na kuishikilia dakika nzima na zaidi huipunguzia nguvu kwa muda, na hakujaonekana kuzuia majeraha sana. Kujinyoosha kwa kushikilia kuache jioni. Asubuhi fanya miondoko: bembeza mguu mbele na nyuma, zungusha vifundo, tembea kwa vidole.

Kigimbi kinachokaza mwisho wa safari ndefu kwa kawaida ni uchovu, na chumvi peke yake haitakiokoa. Kilichovutika ghafla kwa mlio, kikavimba au kuweka rangi ya zambarau, kimechanika. Weka barafu, usikande, ona mtaalamu. Na kigimbi cha mguu mmoja kinachouma, kuvimba na kuwa cha moto bila kuumia popote, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege, ni cha hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa.

"Kizunguzungu na kichefuchefu kabla hata ya kufika Banana"

Umekula nini na saa ngapi? Chapati mbili na chai ya maziwa dakika kumi kabla ya kilima zitarudi juu. Tumbo tupu tangu saa moja ya usiku nalo litakugeuzia dunia. Ndizi moja au kikombe cha uji mwepesi saa moja kabla kinatosha, na chakula kikubwa kipe saa mbili au tatu. Kama unakula sawa na kizunguzungu kinarudi kila wiki, pimwa damu. Ukiwa na homa, lala.

"Nilijipasha vizuri, lakini mashindano yalipoanza sikuwa na miguu"

Ratiba ikisema saa moja, mbio huanza saa moja na nusu, baada ya hotuba. Usipange kupasha kwako kwa saa ya kwenye bango. Pasha polepole mapema, kisha zile kasi tatu fupi uzifanye pale waandaaji wanapoanza kuwaita watu mstarini. Baada ya hapo baki na koti, inua magoti ukiwa umesimama juu ya baiskeli, na ulivue dakika ya mwisho kabisa. Mpe mtu unayemfahamu. La kwangu nilimpa kijana aliyekuwa karibu na utepe, akaniambia "sawa brathe," na hadi leo namtafuta.